Linavuta Kushoto

Gari la Aminieli linavuta kushoto.
Ukiachia usukani pale mteremko wa Kiboriloni
linachepuka taratibu kuelekea mtaroni,
kama mbuzi aliyeona jani bichi.

Fundi Kessy wa Majengo alinitajia elfu arobaini.
"Mama, alaimenti ni kazi ya mashine. Ina taa nyekundu,
inasoma tairi kama daktari anavyosoma picha."
Nikamwambia: nimefanya kazi leba miaka thelathini na moja,
nimepokea watoto kwa mwanga wa chemli.
Hiyo taa yako niwekee kwanza.

Jumamosi nikavaa suruali ya marehemu,
nikaushusha uzi wa fundi mwashi toka rafuni,
nyuma ya kopo la rangi lililokauka.
Ndeshi, mjukuu wangu, akashika ncha.
Tukauvuta toka tairi la nyuma hadi la mbele,
usawa wa kitovu cha gurudumu,
ukakaza hadi ukalia ting.
Nikapima kwa rula yake ya shule:
nyuma ya rimu, milimita kumi na moja;
mbele ya rimu, saba.
"Bibi," akasema, "linatembea kibata."

Nikatandika gunia, nikalala chali,
nikaingia chini na tochi mdomoni.

Nati ya tairodi imeliwa pembe zote.
Mikwaruzo ya spana iliyoteleza, ikateleza tena.
Fundi haachi alama namna hiyo.
Na kando yake, kwa chaki ya bluu,
saba. Saba yenye mkia.
Saba hiyo naijua: imo kwenye daftari la ada,
imo kwenye hesabu ya mifuko ya saruji,
imo nyuma ya picha yetu ya harusi.

Kila miezi mitatu alikuwa anachukua hela ya alaimenti,
anashuka mjini, anarudi jioni
mikono ikinuka ndimu na mafuta ya taa.
Mimi, Mungu anisamehe, nilidhani mengine.
Hela sijui ilikwenda wapi.
Mikono sasa najua ilikuwa wapi.

Nilicheka mpaka tochi ikaanguka.
Ndeshi akachungulia: "Bibi, umeumia?"
Nikamwambia anipe spana namba kumi na tisa
na asiulize maswali ya watu wazima.

Nusu mzunguko. Nikafunga. Nikaenda kulijaribu.
Likavuta kulia.

Hapo ndipo nilipoutazama ua wetu vizuri.
Hakuna pa sawa. Huku kwetu mlima umeegemea kila kitu,
chai ikimwagika mezani inakimbilia Himo.
Unanyoosha nini juu ya ardhi iliyopinda?

Tukalipeleka ghala la zamani la chama cha kahawa.
Mlinzi, Mshanga, akataka kwanza barua.
Nikamuuliza mkewe alijifungulia wapi.
Akafungua geti.

Nilimwaga kikombe cha maji sakafuni.
Yakakaa palepale, yakitetemeka kidogo,
hayana pa kwenda.
Tukavuta uzi upya. Robo mzunguko huku, robo kule,
jasho, nzi, Ndeshi akinung'unikia njaa,
hadi rula ikasema tisa mbele, tisa nyuma.
Nikachukua chaki. Chini ya saba yake
nikaandika tisa yangu, isiyo na mbwembwe,
mahali ambapo haoni mtu
ila mwenye shida ya gari.

Jioni, barabara ya kwenda Njia Panda ilikuwa tupu.
Tairi lililoliwa limeshaliwa; bado linavuma,
litavuma hivyo mpaka nipate hela ya jingine.
Lakini usukani umetulia katikati.
Niliachia. Ndeshi akahesabu kwa sauti,
moja, mbili, akafika kumi na nne
na mstari mweupe haujasogea.

Kisha nikaushika tena,
na gari likayumba kuelekea kulia.
Si gari. Ni mimi.
Miaka miwili nimelishikilia lisiende mtaroni,
na mikono haijapata habari.